Kwa Baba Ilikuwa Bado Jumamosi

Mwenzangu wa kitanda cha pili aliletewa chipsi, na aliyemletea alikuwa amezimwagia siki. Pazia lilikuwa katikati yetu, sikumwona mtu, lakini siki haina adabu. Ilipita chini ya pazia ikanifuata mpaka puani. Nilikuwa nimejifungua alfajiri ile. Mume wangu alikuwa ameshuka kutafuta chai, mtoto amelala kando yangu, na simu iko juu ya mto. Nilikwisha kuwaambia watu wote: mama, mashoga zangu, hata bosi wangu wa kazini. Aliyebaki ni baba, ambaye nilimwomba mama aniachie nimwambie mwenyewe. Kila nikiishika ile simu, naiweka tena.

Nyinyi wenzangu wa rika langu, mliofundishwa hesabu kwenye skrini huku mmevaa suruali za kulalia, najua kila mmoja wenu ana kitu alichoachiwa na ile miaka ya barakoa. Kuna wanaonawa mikono mpaka ngozi inababuka. Kuna wasioweza kusimama karibu na mtu kwenye foleni hadi leo. Mimi niliachiwa siki, na baba asiyeniamini. Siki nitaieleza kwa maneno machache. Ya baba ndiyo marefu.

Baba yangu alikuwa shabiki wa timu ambayo hakuna mtu aliyeijua. Pale Rooty Hill, Sydney, tulipokaa, na kule Penrith alikofanya kazi ya kutunza wazee, Waburundi wenzake walishabikia zile timu kubwa za Uingereza ambazo hata mtoto wa chekechea anazijua. Yeye timu yake ilikuwa ya mji mdogo wa pwani, timu ya madaraja ya chini, inayofungwa msimu kwa msimu. Chanzo chake ni Bibi, mama yake. Walipokuwa kambini, Kigoma, baba akiwa mtoto, Bibi alitoa maharage ya mgao akabadilishana na jezi ya mtumba. Alichoangalia ni uzito wa kitambaa tu, kwa sababu mwanawe alikuwa anatetemeka kwa baridi ya asubuhi. Jezi yenyewe ya buluu, kifuani imeshonwa picha ya mnara wa taa. Bibi alidhani ni sare ya shule fulani. Baba ndiye aliyeulizauliza hadi akajua ni timu gani na mji gani, na tangu hapo ukiigusa timu ile umemgusa mama yake. Watu walimcheka sana, wakimwuliza kama hiyo timu aliiota. Alikuwa anajibu kwamba mapenzi hayaulizi kombe.

Jumapili asubuhi, akitoka shifti ya usiku, kabla hata ya kuvua viatu alifungua simu kuangalia matokeo. Bibi akiwa jikoni alimwuliza, haya, wanao wamepigwa tena? Na kweli walikuwa wamepigwa tena. Siku moja nikamwuliza baba mbona mechi ni ya Jumamosi na yeye anaangalia Jumapili. Akaniambia, huku anacheka, kwamba huko Uingereza bado ni Jumamosi. Wenzetu wale, akasema, bado wako jana. Nilikuwa na miaka minane. Ukiwa na miaka minane na baba yako akakwambia kuna nchi ambako jana haijaisha, unaikubali kama ulivyokubali kwamba mamba anaishi majini.

Alipopata uraia na pasipoti, pasipoti ya kwanza maishani mwake, watu walitegemea atakwenda Burundi kuona makaburi ya wazee. Akasema anakwenda Uingereza, kwenye ule mji wa pwani, aone mechi moja ya nyumbani, alale siku chache, arudi. Mama alikasirika. Akasema mtu mzima na akili zake hawezi kuivuka dunia nzima kwenda kutazama watu wanaofungwa, tena wakati kwenye taarifa ya habari wanazungumzia ugonjwa wa mapafu. Bibi ndiye aliyekata maneno. "Mwache aende," alisema. "Maharage yale sikuyatoa bure." Na katika nyumba yetu Bibi akishasema, hata mama alikuwa anarudi kwenye sufuria zake.

Jioni ya kuamkia safari baba alipiga pasi ile jezi, ambayo wakati huo ilikuwa inambana tumboni, mimi nikiwa nimekaa chini namtazama. Akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma kambi nyingine, na akiwa huko baba yake akafa. Hakuna aliyemwambia. Wakamngoja amalize mitihani, akarudi nyumbani na zawadi ya baba yake mkononi, akakuta kaburi limekwisha ota majani. Alisema majani yale hajawahi kuyasamehe. "Wakubwa wa kwetu ni mabingwa wa kuficha," akaniambia. "Wewe ndiye macho yangu hapa nyumbani. Likitokea la kutokea, uniambie wewe." Nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa najibu kila kitu, akanikatalia. Alitaka niseme kwa Kiswahili. Nikasema, "Naahidi, baba."

Akaenda. Alitutumia picha ya bahari ambayo haikuwa na rangi ya bahari, ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Alitutumia video ya ndege mweupe mkubwa akimpora chipsi mkononi, na sauti ya baba ikimtukana yule ndege kwa Kirundi. Akatuambia kule chipsi wanazimwagia siki, na kwamba alianza kwa kukunja uso, sasa hawezi kuziacha. Siku ya mechi akatupigia akiwa nje ya uwanja. Geti lilikuwa limefungwa. Ligi yote ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya ugonjwa, na yeye alikuwa bado amevaa jezi chini ya koti, anazunguka ukuta wa uwanja peke yake. Alipata upenyo mahali, akachungulia. "Nimeona nyasi zake," akasema. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema mtu ametoka Sydney kwenda Uingereza kuona nyasi, na hapa nyuma ya nyumba zinamshinda kukata. Bibi hakucheka.

Halafu mipaka ikafungwa. Ndege aliyokatia tiketi ikafutwa, akakata nyingine, na yenyewe ikafutwa. Zile zilizokuwa zinaruka zilikuwa za wenye uwezo. Mwenye nyumba ya wageni aliyofikia, mama mmoja wa Kiingereza, hakuwa na wageni tena wala mtu wa kumsaidia na mama yake mzee aliyelala kitandani. Baba, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaanza kumwogesha yule mzee na kumpikia, naye akapewa chumba na chakula. Mama aliposikia hivyo alisonya. Akasema huyo amekwenda kumwogesha mama wa mwenzake, wa kwake namwogesha mimi. Hilo neno alilisema mbele ya Bibi, na Bibi akajifanya hakusikia.

Tukawa tunaongea naye kila Jumapili asubuhi, wakati ule ule wa matokeo, kabla ya ibada ya kwenye simu. Kwake ilikuwa Jumamosi usiku, mzee wa watu amekwisha kulala. Alikuwa anaanza na mimi, anamalizia na Bibi. Siku za katikati Bibi alikuwa anamrekodia sauti kwenye simu ya mama. Hakuziamini simu, kwa hiyo alikuwa anapaza sauti utadhani anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Alimwuliza kama amekula, kama amevaa vizito, kama huyo mama wa Kizungu anamheshimu. Mama alikuwa na haraka zake. Kuna alizozituma na kuna alizozisahau humo humo kwenye simu.

Bibi alianguka jioni ya Jumamosi. Alikuwa ananisuka, mimi nimekaa chini kati ya magoti yake, ananiita mke mwenzangu kama kawaida yake na kunitania kwamba mume wetu atanikimbia kwa kichwa kigumu. Mikono ikasimama kichwani mwangu. Nikangoja aendelee. Nilidhani amesinzia, nikakaa kimya nisimwamshe, mpaka mama alipoingia na kupiga ukelele. Watu wa gari la wagonjwa walikuja wamevaa kama watu wa kupulizia dawa ya mende. Walimchukua, wakamwambia mama anaweza kufika mlangoni tu. Jumapili asubuhi mama alirudi akiwa ameshika viatu vya Bibi kwenye mfuko. Simu ilipoita, akaitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa umesukwa, mwingine bado, na hakuna aliyekumbuka kunimalizia kwa siku kadhaa.

Sasa niwaambie desturi yetu, kwa ambao si wa kwetu. Mtu hapewi habari ya msiba akiwa peke yake. Habari ikija, inafika kwanza kwa wazee wa jumuiya. Wao wanapigiana simu kimya kimya, wanakutana kona, wanakwenda nyumbani kwa mfiwa kwa pamoja, magari yanapangana nje. Mfiwa akichungulia akaona yale magari yote na hakuna aliyepiga hodi kwa simu, tayari anajua. Anabaki kuuliza nani tu. Anaambiwa katikati ya watu, ili akianguka adakwe. Hata mimi mtoto nilikuwa najua: magari mengi bila harufu ya pilau, mtu amekufa.

Wazee walikutana nyuma ya nyumba yetu, viti vimewekwa mbali mbali, barakoa usoni. Mkubwa wao alikuwa Mzee Silvesta, aliyemjua baba tangu kambini. Nani atakwenda kukaa na baba katika ule mji? Walipata Mrundi mmoja Manchester, lakini huko nako watu walikuwa wamefungiwa ndani, hawezi kupanda hata treni. Mchungaji alipendekeza waongee na yule mama mwenye nyumba. Mzee Silvesta akauliza, Mzungu atajua kumdaka mtu? Mama akasema labda tumwambie tu kwa simu, ana haki yake. Mzee Silvesta akamkazia macho. "Tumemzika mmoja wiki hii," alisema. "Unataka tumzike na wa pili, tena ugenini, hana hata wa kumfumba macho?" Wakakubaliana baba asiambiwe mpaka atakaporudi. Walidhani ni suala la wiki chache. Mazishi yenyewe yalikuwa ya watu wa kuhesabika kwa sheria za wakati ule, wengine wote walikaa kwenye magari nje ya makaburi wakilia na vioo vimefungwa. Udongo wa kwanza, ambao ni wa mwana, aliurusha Mzee Silvesta.

Jumapili iliyofuata mama aliniweka kwenye kochi, akanifuta uso, akanifundisha. Bibi amelala. Bibi yuko bafuni. Bibi anaumwa jino, hawezi kuongea. Baba akapiga simu. Akauliza Bibi yuko wapi, mama akasema amelala, baba akasema basi msimwamshe. Nikangoja mama asahihishe, hakusahihisha. Halafu baba akasema, kama anavyosema siku zote, kwamba kwake bado ni Jumamosi, na mvua haijakatika.

Hapo ndipo niliposhika kitu changu, na msinicheke. Bibi alikufa Jumapili. Baba alikuwa kwenye Jumamosi. Kila akipiga, kwake ni Jumamosi. Basi huko aliko Bibi hajafa. Mama hakuwa akidanganya, alikuwa anaongea mambo ya jana na mtu wa jana. Niliona raha ambayo siwezi kuwaeleza. Nilikuwa nimemwazia Bibi chini ya udongo na soksi zake za sufu, kumbe upande mwingine wa dunia bado yuko hai, na mikono yake bado iko kwenye nywele zangu. Kitu kimoja tu kilitakiwa: baba asitoke kule.

Kisha wakafanya lile ambalo hadi leo sijalisahau. Wiki zikawa nyingi, baba akaanza kuuliza kwa ukali. Mama akiwa anahangaika, Mzee Silvesta alikuja, akakumbuka zile sauti za Bibi zilizosahauliwa kwenye simu. Akasema zitumwe, moja moja, tena kwa nafasi. Mama alilia, akasema hiyo ni kuchezea maiti. Mzee akasema ni kumshika mtu mkono hadi afike nyumbani. Mama akatuma. Sauti ya Bibi ikatoka sebuleni kwetu ikaenda Uingereza kumwuliza mwanawe kama amekula. Na baba akajibu. Alijibu kwa furaha, amekula, amekula samaki na chipsi za siki, mama asiwe na wasiwasi. Mama aliiweka simu juu ya meza akatoka nje. Mimi nilibaki naisikiliza, mara ya pili, mara ya tatu. Kama nilikuwa na shaka yoyote ilikwisha pale. Bibi ameuliza, baba amejibu. Wafu hawaulizi watu kama wamekula.

Walikwenda hivyo hadi sauti zikabaki moja. Mama hakuwa na moyo wa kuzisikiliza kabla. Alikuwa anabonyeza anakimbia. Hiyo ya mwisho akabonyeza nayo. Bibi alikuwa ameirekodi mwanzoni kabisa, siku mechi ilipofutwa, na haikuwa ya kuuliza chakula. Alisema, "Mwanangu, umekwisha kuona hizo nyasi zako. Rudi sasa. Nimechoka, nataka kukuona." Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Baba aliisikia ile sauti akachanganyikiwa. Mama yake hakuwahi kumwomba kitu maishani, na sasa anamwita. Alikopa kwa yule mama wa Kiingereza, alilala kwenye benchi za uwanja wa ndege, aliandikishwa na kuondolewa kwenye ndege mbele ya watu, akaandikishwa tena. Akatupigia Jumapili moja, macho mekundu, akasema amepata kiti. Kila mtu akamwambia Mungu mkubwa. Halafu akataka aongee na mimi peke yangu. Mama akasita, akanipa simu, akaenda kusimama jikoni.

Alinisogelea kwenye skrini nikaona hadi vinyweleo vya puani. "Niambie wewe," alisema. "Bibi ni mzima?"

Nikatazama saa ndogo ya buluu iliyokuwa ukutani, iliyoonyesha wakati wetu na si wa kwake. "Ni mzima," nikasema.

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu, baba." Nikaona anapumua, mabega yanashuka. Na mimi hapo hapo nikaona hatari iliyokuwa inakuja. Akipanda ile ndege anaiacha Jumamosi. Atatua kwenye Jumapili yetu, na Bibi atamfia mikononi. Nikasema, "Lakini usirudi."

Akadhani hakusikia. Nikarudia. Usirudi, baba, kaa huko huko. Nilisema kwa Kiswahili, maana ndivyo alivyotaka nimwambie mambo makubwa. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukielewa. Akaniuliza polepole kama mama ndiye aliyenifundisha kusema hivyo. Nikakataa. Akaniuliza kama kuna mwanamume anayekuja nyumbani. Nikasema anakuja Mzee Silvesta. Akakata simu.

Alitua Sydney mijakaranda ikiwa imeanza kumwaga maua kwenye barabara zetu. Wakampeleka moja kwa moja hotelini mjini kukaa karantini, mlango unafunguliwa kwa chakula tu. Jumapili ya kwanza akapiga simu, asubuhi kama zamani. Mama akanipa. Baba hakuniuliza habari, alisema tu, baridi kabisa, "Jumapili njema." Jumapili! Yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Nilipiga kelele nikaitupa simu, nikajifungia chooni nikimlilia Bibi, na hicho ndicho kilio changu cha kwanza tangu amefariki. Mama alidhani nimeugua. Alimwambia baba kwamba nina homa.

Siku alipotolewa, Mzee Silvesta alikwenda kumchukua. Magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima, mengine yamepanda juu ya nyasi za jirani. Mimi nilikuwa dirishani. Baba alishuka kwenye siti ya nyuma akiwa amevaa jezi ya mnara wa taa, na mkononi ameshika shali ya sufu aliyofumiwa mama yake na yule bibi kizee wa Kiingereza aliyekuwa akimwogesha. Akaona magari. Hakuuliza kitu. Alitembea hatua chache, akaketi kwenye ukingo wa barabara na ile shali mapajani. Watu wakamzunguka, kila mmoja na barakoa yake. Walikuwa wamekuja kumdaka. Lakini wao walikwisha kulia, walikwisha kuanua matanga, walikuwa na miezi ya kusahau. Walijitahidi kulia tena, ikawa kama watu wanaokohoa. Mzee Silvesta alivua kofia akasema mama yake alitutangulia, akataja na siku yenyewe. Baba akauliza jambo moja tu. Akauliza, "Na ile sauti?"

Halafu akasema niletwe. Mama alinisukuma mbele. Nilisimama mbele yake, na kwa kuwa amekaa tulikuwa tunalingana.

"Ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Nikakuuliza. Ukaapa."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili bora kuliko chote nilichowahi kusema, kwamba kwake ilikuwa bado Jumamosi, kwamba Bibi hakuwa amefia huko, ndiyo maana nilimwambia asije. Watu waliguna. Mmoja akasema mtoto huyu amepagawa. Baba alinitazama muda mrefu, na mimi nilikuwa nangoja anishike, kwa sababu nilikuwa nimemlinda peke yangu wakati wote huo, na nilikuwa nimechoka. Akasema, "Hawa wamefuata desturi, hata mimi ningefanya. Wewe ulikuwa macho yangu." Akainuka, akanipita, akaingia ndani. Watu wakala wali, wakaondoka kwa mafungu, kwa sababu sheria haikuruhusu wengi nyumba moja.

Mzee Silvesta alisamehewa wiki ile ile. Mama alisamehewa kabla ya Krismasi. Walisameheana wao kwa wao, watu wazima, wakaombeana na kunyweshana chai, na sauti ya maiti waliyoituma ikaitwa mapenzi. Mimi sikusamehewa kwa sababu sikushtakiwa. Baba hakunigombeza wala hakunipiga. Aliacha tu kuniamini, kimya kimya, kama mtu anavyoacha sukari. Nikimwambia mvua inanyesha, anasimama anakwenda dirishani kuangalia. Nikimwambia nimekula, anafunua sufuria. Nilipata zawadi ya shule, akampigia mwalimu simu. Nilipomletea mchumba, alikwenda Parramatta hadi ofisini kwao kuuliza kama kweli anafanya kazi pale. Nimelia kwa hilo, nimegombana naye, nimemwambia nilikuwa na miaka minane. Ananisikiliza vizuri sana, halafu anamwangalia mama kuona kama ni kweli.

Mpira aliacha. Jezi sijui iko wapi. Kitu pekee alichorudi nacho ambacho hakukitupa ni siki. Nyumba ilinuka siki kila Ijumaa ya utoto wangu uliobaki, na yeye amekaa mwisho wa meza anazimwagia chipsi zake bila kusema neno.

Basi pale hospitalini nikaishika simu nikapiga. Aliitika mlio wa kwanza. Nikasema, "Baba, nimejifungua. Mtoto wa kike."

Nikasikia kiti kikisogezwa, na nikajua anakwenda dirishani, ingawa Rooty Hill hakuna dirisha linaloonyesha hospitali. Akaniuliza kama mama yuko hapo. Nikasema yuko njiani. Akauliza mume wangu. Nikasema ameshuka kutafuta chai.

"Basi nimsikie," akasema.

"Amelala, baba."

"Nimsikie."

Nikaisogeza simu hadi kwenye mdomo wa mwanangu. Alikuwa anapumua vizuri, lakini pumzi ya mtoto mchanga haifiki mbali. Tukangoja wote watatu. Upande wa pili wa pazia yule mtu alikuwa anamalizia chipsi zake. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikautafuta mguu mdogo wa mwanangu, nikamfinya.